Mlima wa Kila Jumamosi Jikoni kwa Mogaka

Euless, Texas
30 Machi 2003

Mpendwa Lydiah,

Kwa huzuni kuu, na baada ya kushauriana na wazee wote wa ukoo wetu wanaoishi Euless, yaani mimi, natangaza kifo cha sufuria yangu kubwa. Marehemu alifuliwa na mafundi wa bati wa Gikomba, Nairobi, akaingia Marekani mwaka 1991 ndani ya sanduku, akiwa amejazwa soksi. Alifariki Jumamosi tarehe nane mwezi huu kwa sababu ya uzee. Ameacha mwiko mmoja na kifuniko ambacho hakikuwa chake. Mazishi yalifanyika kwenye pipa la taka nyuma ya jengo letu, na yalihudhuriwa na paka.

Baada ya tanzia hiyo, salamu. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, napakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na kila jioni mgongo wangu unauliza kama watu siku hizi wanatumiana mawe. Mama yako alipiga simu kutoka Kisii kuniuliza kama unakula. Nikamwambia unakula. Sasa kula, usinifanye mwongo.

Kisanduku chako kilifika mwisho wa Februari. Nimekiweka juu ya friji, kando ya maikrowevu, kama ulivyoagiza, na king'ora cha dukani, kile cha kuonya hewa ya sumu, nimekipigilia ukutani hapo hapo ili vipimane nguvu. Nilikaa nikakitazama kisanduku saa nzima. Hakilii, hakiwaki, hakisemi. Ni kama shemeji yangu fulani ambaye sitamtaja. Kanisani nimewaeleza kwamba mpwa wangu anatengeneza kitu cha kunusa hewa ya sumu kwa kutumia kutu ya bati, wakaniuliza kama familia inahitaji maombi.

Kadi ya kumbukumbu ya mwezi wa kwanza ndiyo hii. Ni ndogo kama ukucha. Nilipoitia kwenye bahasha peke yake nikaona bahasha iko uchi, ndiyo sababu ya barua.

Mjomba wako,
Mogaka

*

Houston
15 Aprili 2003

Mjomba wangu mpendwa,

Pole sana kwa msiba. Sisi wafiwa wa Houston tumepokea habari tukiwa tumesimama. Mimi mzima, ila joto la huku limeshaanza, lile la kuvaliwa kama koti. Mama nimeongea naye Jumapili. Ninakula. Ameniuliza nitamaliza lini kusoma, nikamwambia Desemba, akasema hivyo ndivyo nilivyosema Desemba iliyopita.

Sasa, hiyo si kutu, ingawa ukiisema hivyo mbele ya profesa wangu hatakuwa na la kukujibu. Ni oksidi ya bati, na nimeiotesha ikawa nyuzi. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako, Mjomba, uupasue mara elfu moja. Kipande kimoja ndio unene wa uzi wangu. Nyuzi hizo huwa zimepashwa moto. Hewa safi ikija inakaa juu yake kama wageni wa harambee waliojaza viti vyote, umeme unakosa pa kupita. Ikija monoksidi ya kaboni, ile sumu ya jiko isiyo na harufu, inawashika wale wageni mkono na kuondoka nao. Viti vinabaki wazi, umeme unapita, na kisanduku kinaandika saa na dakika. Uzi mwembamba hivyo ni ngozi tupu, hauna tumbo. Ndiyo maana hata sumu kidogo sana unaisikia.

Maabara imeshakubali. Sasa lazima nionyeshe kwamba kinafanya kazi jikoni kwa mtu wa kweli, na mtu wa kweli mwenye jiko la gesi ambaye hawezi kuninyima ni wewe.

Nina swali. Kila Jumamosi, kama saa kumi na robo jioni, mchoro wa kadi yako unapanda mlima. Unakaa juu nusu saa, halafu unashuka. Siku nyingine hakuna kitu. Na tarehe nane Machi, siku ya msiba wenyewe, kuna milima miwili: ule wa kawaida, na kabla haujashuka, mwingine mkubwa sana ulioanza saa kumi na dakika thelathini na moja. Jumamosi huwa unapika nini? Na siku ile king'ora cha dukani kililia?

Sufuria haifi kwa uzee, Mjomba.

Mpwa wako,
Lydiah

*

Euless
27 Aprili 2003

Daktari mtarajiwa,

Salamu nyingi kama mizigo ya Krismasi. Hali ya hewa ni nzuri, mvua ya mawe imepasua vioo vya magari ya watu wote hapa isipokuwa langu, ambalo kioo kilikuwa kimeshapasuka. Tulikuwa na mkutano wa chama chetu cha Wakenya. Bado mimi ndiye mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuongea muda mrefu hivyo bila kusema kitu. Katibu wetu, Truphosa, yule nesi mjane anayeishi DeSoto, anakusalimu. Huyo anaandika kila kitu. Mtu akipiga chafya, anaangalia saa na kuandika. Aliniambia siku hizi naonekana kijana. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Kuhusu swali lako: king'ora hakikulia. Na Jumamosi huwa nakaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Ni mazoea tangu utotoni. Babu yako aliwapenda sana na mimi huwakaanga kwa heshima yake, kila Jumamosi, saa kumi na robo. Nadhani suala hilo sasa limefungwa.

Kadi ya pili imo ndani. Nimekuwekea na picha yangu ya zamani ya pasipoti. Uso ulikuwa mzuri.

Mogaka

*

Houston
29 Mei 2003

Mjomba mpendwa,

Natumaini wewe mzima. Mimi mzima, ila jina langu katika jengo letu haliko salama, na nitakueleza.

Nilienda kwenye duka la Waafrika kusini-magharibi mwa mji nikanunua omena. Nikaingia nao maabara, nikaweka kikaango juu ya jiko dogo la umeme, nikaweka kisanduku pacha wa chako pembeni. Ili hali ifanane na ya jikoni kwako, nikazima feni ya kuvuta hewa. Hilo ndilo kosa nililoandikishwa baadaye.

Baada ya dakika sita mwenzangu wa Kichina alisimama akatoka bila kuaga. Baada ya dakika kumi mtu wa usalama aliingia ameshika shati puani.

"Hii ni kemikali gani?"

"Ni chakula."

"Cha nani?"

"Cha mjomba wangu."

Akabonyeza kengele. Watu arobaini walishuka ngazi, Mjomba. Profesa wangu alisimama kwenye nyasi pamoja nao, ana kikombe mkononi, ananitazama tu.

Na unajua kisanduku kiliandika nini? Kilima. Kilima kidogo, cha mviringo, kinachopanda polepole kama mtu aliyeshiba. Mlima wako wa Jumamosi unaruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Hao si omena.

Sasa sikiliza, maana hapa sifanyi mzaha. Kama kisanduku kinaandika sumu mahali ambapo hakuna sumu, basi hakifai, na sura ya tatu ya tasnifu yangu haifai. Nina kikao na kamati yangu tarehe nane Agosti. Ufadhili unaisha Desemba, na viza ya mwanafunzi inaondoka pamoja nao. Bila sura hiyo sina shahada. Profesa anasema huenda nyuzi zenyewe ni wagonjwa. Mimi nasema kuna kitu jikoni kwako.

Nakuuliza kwa heshima zote, mimi mtoto wa dada yako: Jumamosi saa kumi na robo huwa unafanya nini?

Lydiah

*

Euless
29 Juni 2003

Mpwa wangu,

Barua yako ilichelewa posta siku mbili tatu. Halafu ilichelewa tena juu ya meza yangu.

Nimeisoma habari ya omena nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaacha kucheka. Joto la huku ni kali, lami inashika viatu. Nimeanza kuvaa kofia, hata kanisani, hata kazini. Mama yako hajambo. Mkutano wa chama wa mwezi huu sikuhudhuria, nilituma udhuru.

Nina habari njema. Fungua kadi hii uone. Jumamosi zote nne za Juni ni safi kama sahani ya askofu! Hakuna mlima, hakuna hata kichuguu. Nimeacha kabisa kile nilichokuwa nafanya, ambacho hakikuwa kitu cha maana. Kwa hiyo shida imekwisha. Peleka hiyo kwa kamati na uwaambie jikoni kumetulia.

Mjomba anayekuombea,
Mogaka

*

Houston
10 Julai 2003

Mjomba,

Nimempelekea profesa Jumamosi zako nne. Anasema ndiyo uthibitisho aliokuwa anaungoja: nyuzi zilikuwa zinaumwa, na mwisho wa Mei zikafa. Kitu kilicho hai hakiachi kuandika ghafla bila sababu. Sina sababu ya kumpa.

Naitoa sura ya tatu. Mama nitamwambia mwenyewe, usinitangulie. Kisanduku kizime. Asante kwa kukiweka.

Lydiah

*

Euless
Jumamosi, 19 Julai 2003

Lydiah mwanangu,

Barua yako haikuwa na salamu. Niliigeuza nyuma nikatafuta, hazikuwepo. Nikajua nimeharibu.

Nyuzi zako hazijafa. Usitoe sura. Nakueleza yote tangu mwanzo, na nakuomba uisome ukiwa umekaa, na ikiwezekana peke yako.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilienda mkahawa mmoja hapa Euless kunywa kahawa. Msichana wa kaunta aliniangalia kichwani, akatabasamu, akanipunguzia bei. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni kwa ajili ya wazee wetu." Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Hapo pa kuaibika nitaongeza ukweli mwingine: nilipokea punguzo.

Kutoka hapo nikaenda duka la dawa nikanunua kanta. Si kanta ya unga ya nyumbani. Hii ni ya Kimarekani, rangi nyeusi ya nywele ya kwenye boksi, chupa mbili unazichanganya, na harufu yake inatoa machozi. Boksi linasema upake kila baada ya wiki sita. Mimi sikuliamini. Nilipaka kila Jumamosi, kichwa na masharubu, kuanzia saa kumi na robo.

Utauliza kwa nini jikoni. Bafu lina kioo na lina taa, na vyote viwili havina adabu. Lakini mlango wa maikrowevu, ukisimama mbele yake, unakuonyesha kichwa cheusi bila makunyanzi. Ndipo nilipokuwa nasimama, Lydiah, nusu hatua kutoka kwa kisanduku chako, na mfuko wa plastiki kichwani, nikijipenda. Nimesoma maandishi madogo ya kwenye boksi kwa miwani. Yameandika amonia. Kama amonia nayo huwashika wageni wako mkono na kuondoka nao, basi mlima wako ni mimi.

Ulipouliza mara ya kwanza ningeweza kusema. Kwa simu ningesema, maana kwa simu siwezi kudanganya polepole. Kwenye karatasi nilipata muda wa kuwatafuta omena. Uliponiuliza mara ya pili nikaona nitengeneze mambo kimya kimya, nikaacha kupaka, nikavaa kofia. Nilidhani nakusaidia. Sikujua kwamba kunyamaza kwangu kutaonekana kwenye mchoro kama kifo.

Sasa sufuria.

Tarehe nane Machi niliinjika maharagwe, nikapaka kanta, nikavaa mfuko, nikakaa kitini kungoja. Usingizi ukanichukua. Kilichoniamsha ni king'ora cha dukani. Ndiyo, kililia, nilikudanganya. Moshi umejaa, maharagwe yamekuwa makaa, na wakati huo huo mtu anagonga mlango na kuita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti, uko salama?" Ni Truphosa. Na mimi nina mfuko kichwani na wino unanitiririka shingoni. Mtu mwenye akili angefungua mlango. Mimi nilizima gesi, nikafungua dirisha, nikakipiga king'ora kwa mwiko, nikajificha nyuma ya friji mpaka akaondoka. Kichwa kiliniuma mpaka kesho yake. Nilikuwa tayari kufa kwa sumu mradi nife nikiwa na nywele nyeusi. Hilo nakuambia wewe, mama yako usimwambie.

Nikaanza kufikiri. Ule mlima wako wa pili ulianza saa kumi na dakika thelathini na moja. King'ora kililia lini? Mimi nilikuwa nimelala, sijui. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyesikia, na ni mtu ambaye huangalia saa hata kwa chafya.

Kwa hiyo jana baada ya kazi niliendesha gari mpaka DeSoto. Njiani niligeuka mara mbili. Nilipofika mlangoni nikavua kofia. Mizizi yote ya nywele imekuwa nyeupe na ncha bado nyeusi, nafanana na ufagio uliochovywa kwenye lami. Truphosa akafungua, akanitazama juu, akanitazama chini.

"Karibu, Mogaka," akasema. "Leo umekuja na kichwa chako."

"Ulijua?"

"Mimi ni nesi. Miaka kumi na tisa nanusa mambo ambayo watu hawataki kuniambia. Ulikuja kwenye mkutano wa Januari unanuka saluni, na sikio la kushoto jeusi kama la sungura wa kuchora."

"Na hukusema kitu?"

"Nilisema. Nilisema unaonekana kijana. Nilikuwa nakupa nafasi ya kukiri."

Nikamweleza habari yako, kikao cha Agosti, viza, na Jumamosi zangu nne safi. Nilipofika kwenye hizo Jumamosi nne akaacha kucheka. Akasema, "Mtoto wa dada yako, Mogaka? Kwa ajili ya masharubu?"

Akaenda ndani akaleta daftari. Nimenakili ukurasa ule neno kwa neno, na yeye ametia sahihi chini, karatasi imo ndani ya bahasha hii:

"Jumamosi 8 Machi. Saa 10:50 nimefika kwa mwenyekiti. 10:52 king'ora kimeanza kulia ndani. 10:53 sauti ya mwenyekiti, anakitukana king'ora. Hafungui. Yu hai. 11:05 nimeondoka na chapati zangu."

Saa yake ni ile ya kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa, haikosei. Thelathini na moja mpaka hamsini na mbili. Kama hesabu za darasa la tatu hazijaniacha, kisanduku chako kilinusa sumu dakika ishirini na moja kabla ya king'ora cha dukani. Dakika ishirini na moja, Lydiah, na ushahidi wake nilikuwa nimeufungia nje ya mlango pamoja na chapati.

Si hilo tu. Leo asubuhi, saa nne kamili, nilifungua boksi la mwisho la kanta nikaliweka kando ya kisanduku. Sikujipaka. Nilichanganya chupa zote mbili, nikaziacha wazi dakika ishirini kwa saa, nikafunika saa nne na dakika ishirini. Truphosa alikuwa hapa, ameandika naye. Kadi imo ndani ya bahasha. Ukiona mlima hapo, ule wa kuruka kama aliyekanyaga kaa, nyuzi zako ziko hai, na aliyekuwa anaumwa ni mjomba wako. Usipouona, nipigie simu, nitakuja mwenyewe Houston niketi mbele ya kamati na hivi nilivyo.

Kamati wakiuliza chanzo cha amonia, usiandike "mkazi wa nyumba." Andika jina. Andika Mogaka, miaka hamsini na mbili sasa, mpakia mizigo, nywele nyeupe. Waambie alihojiwa mara mbili akasema uongo mara tatu. Picha ya pasipoti nirudishie.

Nisamehe, mama. Ulikuwa umeniamini kuliko maabara.

Bahasha hii inaondoka leo kwa njia ya haraka, maana posta ya Jumamosi inafunga mapema. Kinyozi amemaliza kazi yake saa moja iliyopita, ncha nyeusi zote ziko kwenye ufagio wake. Kisanduku kiko juu ya friji, sikukizima. Jikoni kuna maharagwe yanachemka, na safari hii nimekaa mbele yake macho wazi. Sufuria si yangu. Ni ya Truphosa, ameniazima, na amesema Jumatano niirudishe mwenyewe DeSoto, bila kofia.

Mjomba wako,
Mogaka